Kusafisha protini: utando wa joto au kolamu ya chumvi?

Utando wa joto na kolamu ya chumvi, njia mbili za kutenganisha protini unayoitaka na uchafu, vyote vinategemea kitu kilekile, protini ina sehemu zinazokimbia maji na hizo ndo zinashikwa, tofauti iko kwenye kuachia. Kolamu ya chumvi ni bomba lililojaa shanga ndogondogo, unaijaza chumvi ya amonia salfeti ya kutosha, protini inanata, halafu unapunguza chumvi taratibu inatoka. Inafanya kazi, imezoeleka, inabeba mzigo mkubwa. Ila chumvi yote hiyo baadaye uitoe kwa dayalisisi, yaani kuichuja kupitia ngozi inayopitisha chumvi lakini si protini, na ndani ya shanga protini inapenya kwa kujisambaza yenyewe, molekuli kubwa kama antibodi zinajikokota kweli.

Utando wa joto, yaani utando wenye vitundu uliopandikizwa PNIPAM, polima (minyororo mirefu ya molekuli) inayobadilika kwa joto, ni mambo mengine. Chini ya nyuzi 32 hivi za Selsiasi minyororo yake inakunywa maji na kunyooka, ukipasha zaidi ya hapo inajikunja, inatema maji na kuanza kupenda sehemu zile za protini, kwa hiyo unashika kwa joto unaachia kwa kupoza, bafa (kimiminika kinacholinda kiwango cha asidi) ileile. Na kimiminika kinapita moja kwa moja kwenye vitundu, hakuna kusubiri. Sasa msidanganyike, mara nyingi bado chumvi kiasi inahitajika ili protini ishike vizuri, utando unabeba kidogo, na ukipandikiza polima nyingi mno vitundu vinaziba polima ikivimba kwenye baridi.

Kama protini yako inaharibika kwenye nyuzi 40 basi usijisumbue, baki na kolamu. Kwa molekuli kubwa zinazovumilia joto hilo, mimi naenda na utando.