Mnara wa ofisini wa mwaka 2014 kwenye meza ya mwanafunzi: nilichoongeza na nilichokataa

Kama unatumia kompyuta ya mezani iliyoundwa nzima kiwandani, zile zinazouzwa mtumba ofisi zinapobadilisha vifaa, na mfuko wako ni wa mwanafunzi, anza na SSD, yaani diski isiyo na sehemu inayozunguka. Mengine yote yana mjadala.

Yangu ni mnara (kompyuta ya kasha la kusimama) wa 2014: prosesa Core i5-4590, kijiti kimoja cha RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi) cha GB 4, na diski ya kuzunguka ya GB 500. Chapa siitaji kwa sababu haibadilishi kitu, mashine za kundi hili tabia zao ni zilezile. Kazi zangu ni kuandika ripoti, kuandika programu, kufungua kurasa nyingi za mtandaoni kwa mpigo na, siku hizi, kuchora vitu vya 3D. Kila kifaa nilichotaka kununua nilikipima kwa swali moja: nikipata kompyuta nyingine, hiki kitahama nami au kitabaki humu?

SSD inahama. Nilichukua ya SATA (inayounganishwa kwa waya) ya GB 480, maana ubao mama wangu hauna tundu la M.2, lile la SSD bapa zinazochomekwa moja kwa moja. Adapta za kuchomeka NVMe (SSD zenye kasi zaidi) kwenye PCIe (tundu la kadi za nyongeza) zipo, ila BIOS (programu ya kuwashia mashine) za umri huu mara nyingi haziitambui kama diski ya kuwashia, kwa hiyo utalipia kasi ambayo huwezi kuitumia bila kuhangaika. SATA hukomea kama MB 550 kwa sekunde, wakati diski ya kuzunguka ikifika 150 imejitahidi. Hata hivyo hesabu hiyo haielezi tofauti unayoiona kwa macho. Programu ikifunguka husoma mamia ya mafaili madogo yaliyotawanyika, na diski ya zamani lazima isogeze kichwa chake kulifuata kila moja, milisekunde kadhaa kila mara. SSD haina cha kusogeza. Zamani nilikuwa nawasha mashine kisha naenda kuoga, sasa sijakaa vizuri kitini inaniomba nywila. Diski ya zamani sikuitupa, inatunza video na nakala za akiba. Na kama huna kishikizo cha kufungia SSD ndogo kwenye nafasi ya diski kubwa, gundi ya karatasi ya pande mbili inatosha. Haitikisiki, haina kinachozunguka ndani.

RAM ni habari nyingine. Hii haihami: kijiti cha DDR3, kizazi cha RAM cha mashine hii, kina pini 240, cha DDR4, kizazi kilichofuata, kina 288, na hata pengo la katikati limekaa mahali tofauti, kwa hiyo hakiingii kwenye ubao mpya hata ukikibembeleza. Ndiyo maana sikuona sababu ya kununua mpya. Nilitafuta mtumba, jozi ya GB 8 mbili, DDR3-1600. Jozi ina maana yake. Vijiti viwili vikikaa kwenye matundu yanayolingana, prosesa husoma kwa njia mbili kwa pamoja, na anayetegemea picha zinazotengenezwa na prosesa yenyewe, bila kadi ya grafiki, atafaidika zaidi, kwa sababu picha hizo hukopa RAM hiyohiyo. Chenye kasi zaidi ya 1600 usikihangaikie, prosesa hii itakishusha. Na ukikuta vijiti vya bei ya kushangaza, soma lebo: vingi ni vya seva, aina ya RDIMM, na ubao wa kawaida hauwashi navyo.

Kati ya hivyo viwili nilifanya kazi ambayo watu huiruka. Nilipuliza vumbi, nikabadilisha pasta ya joto iliyokuwa imekauka juu ya prosesa, nikaweka betri mpya ya CR2032. Feni iliacha kulia. Betri, ambayo ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote, ndiyo inayotunza saa. Ikichoka tarehe inarudi nyuma miaka, na kivinjari kinaanza kukataa tovuti kwa madai kwamba si salama. Mtu anaweza kulaumu intaneti mpaka achoke.

Kwenye kadi ya grafiki ndipo mashine za kiwandani zinapokubana. Pawa saplai yangu (kifaa kinachogawa umeme ndani) ni ya wati 290, haina waya wa ziada wa kadi, na plagi yake ya kwenye ubao mama si ile ya kawaida ya pini 24, hivyo huwezi kuchomoa na kuweka yoyote. Mtu hujikuna ajipatapo: nilibaki na kadi zinazoishi kwa umeme wa tundu la PCIe peke yake, yaani wati 75. GTX 1050 Ti na GTX 1650 zote zimo, GB 4 kila moja. Nilichagua 1650 ingawa ni ghali kidogo, kwa sababu Nvidia, mtengenezaji wake, ilisitisha draiva (programu za kuendesha kadi) za kawaida za familia ya GTX 10, yenye 1050 Ti, mwezi Oktoba 2025, zikabaki za usalama tu. Angalia picha ya kadi kabla ya kulipa, kwani kuna 1650 zenye tundu la pini 6, na hizo hazitufai. Ukiona hela haifiki ukashuka hadi GT 1030, chukua ya GDDR5. Ile ya DDR4 ina jina hilohilo lakini kumbukumbu yake inasoma kwa theluthi moja hivi ya kasi. Pima pia nafasi ndani ya kasha, maana kadi nene inaweza kukalia plagi za SATA.

Prosesa niliiacha. Juu ya ubao huu cha maana ni i7-4790, na wauzaji wanajua, kwa hiyo bei yake bado ina kiburi.

Upande wa mfumo, Windows 11 rasmi hutaka Intel ya kizazi cha 8 kwenda mbele, nayo Windows 10 ilifungiwa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Niliweka Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, na haijanisumbua, isipokuwa programu moja ya chuo ambayo naifungulia maabara. Kama kozi yako inategemea programu za Windows pekee, au unahariri video kila wiki, usimwage hela kwenye prosesa ya kizazi cha 4 kama yangu. Tafuta mnara mwingine wa ofisini wenye i5-8500: una koa (viini vya prosesa) sita, unatumia DDR4 na unapokea Windows 11. Kisha uhamishie SSD yako humo.