Unga wa BTS wa kuhifadhia shahawa za nguruwe: siku tatu ni zake, za ziada ni za kubahatisha

Kwa mfugaji anayevuna shahawa za dume lake mwenyewe na kupandisha majike ndani ya siku mbili tatu, hatuoni sababu ya kununua ekstenda (kimiminika cha kuchanganyia na kutunzia shahawa) ya bei kubwa kuliko BTS. Jina ni kifupi cha Beltsville Thawing Solution. Pursel na Johnson waliitoa mwaka 1975 huko Beltsville, Marekani, kwa ajili ya kuyeyushia shahawa zilizogandishwa, lakini sifa imeipata kwa kutunza shahawa ambazo hazijagandishwa.

Lita moja ya mchanganyiko ina glukosi gramu 37, sitrati ya sodiamu gramu 6, bikaboneti ya sodiamu gramu 1.25, EDTA gramu 1.25 na kloridi ya potasiamu gramu 0.75, pamoja na antibiotiki. Glukosi ni chakula cha mbegu. EDTA huishika kalisiamu ili isizichangamshe mbegu kabla ya wakati wake. Udhaifu uko kwenye bikaboneti. Mbegu zikila glukosi hutoa asidi, na kiasi hicho kidogo cha bikaboneti hulemewa mapema. Kwa hiyo siku 3 tunazikubali bila wasiwasi, ila siku ya 5 usiitegemee. Anayepeleka dozi mbali atafute ekstenda ya siku nyingi kama Androhep, yenye HEPES ya kuzuia asidi.

Paketi ikifunguliwa, unga wote uingie kwenye maji. Ukitaka nusu lita ukachota nusu ya unga, chumvi na glukosi hazitagawanyika sawa, na mbegu zitavimba au kusinyaa kwenye maji yasiyo na uwiano. Hilo ni kero kwa mwenye dume mmoja, na tungependa paketi ndogo zaidi.

Maji yawe yaliyokenekwa. Yale ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta tusiyaamini, kwa kuwa hakuna anayeyapima kwa kazi hii. Koroga hadi unga uishe kabisa, kisha acha dakika 45 hadi 60 pH (kiwango cha asidi) itulie. Kuna wanaoruka hatua hii kwa haraka, halafu lawama wanamtupia dume.

Kabla ya kuunganisha, pima joto la shahawa na la ekstenda; tofauti isizidi digrii 1 au 2. Mimina ekstenda polepole kwenye shahawa. Mfano wa hesabu: dume ametoa mililita 250, kila mililita ina mbegu milioni 300, na asilimia 80 zinatembea. Hizo ni mbegu hai bilioni 60. Kwa bilioni 3 kwa kila dozi unapata dozi 20. Za mililita 80 zinafanya jumla ya mililita 1,600, hivyo ekstenda ni mililita 1,350. Jaza chupa, kamua hewa, funga, acha zipoe taratibu mezani mbali na jua, kisha ziweke kwenye digrii 17.

Kushindwa kuishika hiyo 17 ndiko kunakoua dozi nyingi. Friji ya jikoni iko kwenye digrii 4 hivi, na utando wa mbegu ya nguruwe hauvumilii baridi ya chini ya 15. Hupasuka, na ukiirudisha kwenye joto haiponi. Ukiiacha kwenye joto la Dar es Salaam nayo hula akiba yake haraka huku bakteria wakizaliana. Kwenye deli la boda boda, barafu isiguse chupa. Weka chupa za maji zilizopozwa hadi 17 na kipimajoto katikati.

Kuikagua dozi iliyokaa, igeuze taratibu. Utaona tabaka jeupe la chini likipanda kama moshi ndani ya maji. Usiitikise. Chukua sampuli ndogo, ipashe kwa digrii 37 kwa dakika 10 hadi 15, na kioo cha hadubini kiwe na joto hilohilo. Kioo kikiwa baridi, mbegu nzima zitaonekana zimelala na utamwaga dozi nzuri. Tunaitumia ikiwa zinazotembea ni asilimia 60 au zaidi. Ukikuta vichwa vimeshikana mafungumafungu huku mikia ikipepea nje, shuku bakteria, hasa maji ya govi yaliyochuruzika wakati wa kuvuna. Antibiotiki ya kwenye unga haifuti uchafu huo. Nyoa manywele ya govi, kamua maji yake kabla ya kuvuna, na vaa glavu za vinili, kwa sababu za mpira wa kawaida zina sumu kwa mbegu.

Ekstenda iliyobaki iwekwe kwenye friji, itumike ndani ya saa 24. Na dukani, binya paketi kwanza: unga ukiwa umeshikana mabonge, unyevu umeshaingia. Irudishe.