TAHADHARI: Anayeomba "ada ya kuthibitishwa" na anayeomba "nauli" ni watu walewale

Dada zangu mnaouza huduma za ngono na kujitangaza mtandaoni, na nyinyi wateja mnaosoma huku mmepunguza mwanga wa simu, hii inawahusu nyote.

Kuna genge linalojifanya mameneja wa tovuti za matangazo yetu hapa Kenya. Linamwandikia dada WhatsApp: tangazo lako litaondolewa usipolipa ada ya kuthibitishwa. Tuma picha, kitambulisho mbele na nyuma, na video fupi ukipunga mkono. Ukilipa, inazuka ada ya kupandishwa juu, kisha ya VIP. Hizo pesa ndiyo hasara ndogo. Sasa wana sura yako, jina lako la serikali, na video ya kumthibitishia mteja kwamba upo.

Muda si muda, picha zako zinaonekana Telegram kwa namba usiyoijua, bei ya kutupa. Mteja akitilia shaka, anatumiwa ile video. Anaombwa nauli ya msichana kumfikia. Akituma, eti msichana yuko getini na mlinzi hamruhusu kutoka bila deposit, itarudishwa. Akigoma, anapigiwa na mwanamume anayejiita afisa wa upelelezi, ameshachimba Facebook na anamtaja mkewe kwa jina, anataka pesa ili "faili ifungwe". Hakuna faili. Dhamana ya polisi hailipwi kwa namba ya simu ya mtu binafsi.

Mteja aliyeliwa naye hasira humshukia mwenye picha. Mwenzetu mmoja wa Mtwapa alivamiwa baa na mtu aliyedai nauli yake, na hawakuwa wamewahi hata kusalimiana.

Wateja, M-Pesa hukuonyesha jina la mpokeaji kabla pesa hazijaondoka. Kweli wengi wetu tuna majina ya kazi, lakini ukiona jina la mwanamume pale ulipotarajia Shantel, ghairi.

Dada, nanyi mnaliwa upande wa pili, kwa ujumbe feki wa malipo. Ujumbe wa kweli huingia kwenye mazungumzo ya MPESA, hautoki kwa namba ya kawaida, hata uwe umeandikwa vizuri namna gani. Angalia salio kabla hujavua viatu. Wengine hulipa kweli, kisha wakiwa bado kwenye ngazi wanapeleka ujumbe wa malipo 456, namba ya Safaricom ya kurudisha pesa, wakidai walikosea namba. Mimi nachukua taslimu, kelele wapige wao.

Tovuti zenyewe usizitegemee. Nyingi hazina ofisi unayoweza kubisha hodi.

Najua kinachotufunga midomo ni vifungu 153 na 154 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyohusu kuishi kwa mapato ya ukahaba, na matapeli wanajua tunaviogopa. Lakini kifungu cha 37 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2018 kinamshika anayesambaza picha zako za faragha: faini hadi shilingi 200,000, kifungo hadi miaka 2, au vyote. Ukienda kuripoti, eleza picha na vitisho. Kazi yako si lazima uitangaze pale kaunta. Ukiogopa kwenda peke yako, uliza BHESP, shirika la Nairobi linalosaidia wanaofanya kazi yetu, wana wasaidizi wa kisheria waliotoka miongoni mwetu.

Ujumbe wa utapeli uelekeze 333, namba ya Safaricom ya kuripoti utapeli. Na kabla hujamblock mtu, piga picha za skrini zinazoonyesha namba, tarehe na saa, umtumie rafiki unayemwamini, maana wakishtuka wanafuta kila kitu.