Chuo kidogo juu ya mwamba wa Tudor: maoni ya aliyesoma na kulala pale

Wadogo zangu mnaosubiri kuingia Septemba mmeniuliza mengi kuhusu chuo hiki, na kila anayeanza na habari za karo humalizia na swali lile lile: ni kweli pale kuna majini? Nitawajibu. Jina la chuo silitaji, kwa sababu nina sifa zake na nina malalamiko, na malalamiko nataka yawafikie watu wa pale wenyewe, yasigeuke ya kukichafulia jina mjini. Mnaokijua mtakijua kwa kisima na mbuyu.

Ni jumba la zamani lililokaa juu ya mwamba wa matumbawe, na chini yake ni maji ya mkono wa bahari wa Tudor, hapa Mombasa. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene hata unaweza kukaa dirishani ukakunja miguu na kitabu mapajani, na dari za ghorofa ya chini bado zimeshikwa na boriti za mikoko. Wakati wa kaskazi utalipenda siku hiyo hiyo: nje jua kali, ndani baridi shwari. Lakini masika yakishika, mwezi wa Mei, kuta zinatoka jasho, vitabu vinaota ukungu, na kanga uliyoianika jana bado mbichi. Ukisugua ukuta kwa kiganja unabaki na chumvi mkononi. Mwenye pumu afikiri mara mbili kabla ya kuchukua chumba cha chini, na hilo nalisema kwa uzito.

Masomo nayasifu bila kusita. Mimi nimesomea ualimu, Kiswahili na Historia, na uzuri wa chuo kidogo ni kwamba huwezi kupotea. Ukikosa darasa Jumatatu, Jumanne mwalimu anakuuliza mbele ya wenzako kama nyumbani ni wazima. Insha inarudi na maandishi ya mwalimu pembeni, na ukienda ofisini kwake kumuuliza alichomaanisha anakuvutia kiti. Rafiki zangu walio kwenye vyuo vikubwa wanasoma mia kadhaa ukumbi mmoja, hata jina la anayewafundisha wanaulizana. Kabla ya kulipa chochote, pale au popote, hakikisheni kozi imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Na wanaotaka kufundisha sekondari, TSC, tume inayoajiri walimu, inatazama C+ ya jumla kwenye KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, na C+ katika yale masomo mawili utakayofundisha. Ni afadhali kujua sasa kuliko mwaka wa nne.

Kilichonifanya nikipende chuo hiki ni mwalimu wetu wa historia. Kwa kuwa darasa zima tulienea kwenye matatu moja, hakutufundisha Mombasa kutoka kwenye vitabu peke yake. Alitupeleka Ngome ya Yesu, ile ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, na badala ya kutuzungusha kwenye mizinga kama wanavyozungushwa watalii, alitukalisha kivulini akatuuliza: walipozingirwa na Waomani kuanzia 1696 mpaka 1698, waliokuwa ndani walikunywa nini? Wagonjwa walilazwa wapi? Waliokufa walizikwa wapi, na nani aliyebaki na nguvu za kuwazika? Tulikaa kimya. Njaa na maradhi viliua ndani ya kuta zile kuliko risasi. Halafu akatupeleka kwenye vyombo vilivyotolewa baharini kutoka meli ya Santo António de Tanná, iliyozama 1697 hapo hapo chini ya ngome wakati wa vita vile. Nimezaliwa Kisauni, nimepita mbele ya ngome ile tangu nikibebwa mgongoni, na siku hiyo ndiyo niliyoiona.

Safari nyingine ilikuwa Mnara wa Mbaraki, usio mbali na kivuko cha Likoni. Ni mnara wa mawe ya matumbawe, mtupu ndani, na watu wa mji wamekuwa wakipeleka marashi na ubani kwa pepo anayesemekana kukaa humo. Wenzetu wa bara walianza kuchekacheka. Mwalimu akawanyamazisha pale pale. Alisema aliyekuja hapa na chupa ya marashi alikuja na mtoto mgonjwa au mume aliyepotea baharini, na mwanahistoria haanzi kwa kumcheka mtu mwenye shida. Neno hilo lilinisaidia baadaye, niliporudi kulala kwenye jengo letu.

Sasa usiku. Ndiyo, mtasikia mambo.

Katikati ya ua kuna kisima cha zamani kilichofunikwa kwa bamba la chuma. Kuna usiku kisima hicho kinaguna. Mguno mrefu, wa chini, unakuja na kupoa na kuja tena, na bamba linatetemeka juu yake. Komredi, yaani wanafunzi wenzenu, wa mwaka wa tatu watawaambia kuna mtu ametupwa humo zamani. Watawaambia msipite peke yenu saa tisa za usiku, na kwamba mwanamke mrembo akiwasalimia karibu na mbuyu mmtazame miguu kwanza, kama ina kwato. Usiku wangu wa kwanza kuusikia mguno ule nilisoma Ayatul Kursi mpaka ulimi ukakauka, halafu nikashuka ngazi kwenda kwa askari wa usiku, mzee aliyekuwa mvuvi kabla ya kuajiriwa.

“Ami, umesikia?”

“Nimesikia, mwanangu. Hebu tazama mwezi.”

Ulikuwa mwezi mpevu. Akanieleza taratibu, huku akimenya chungwa, kwamba chini yetu mwamba umetobolewa na bahari, una mapango, na kisima kimekutana nayo. Mwezi ukiandama au ukipevuka huwa ni maji ya bamvua. Hapa Mombasa maji ya bamvua yakijaa na kupwa huachana hata karibu mita 4, na kujaa kwake huangukia mnamo saa kumi, ya jioni na ya alfajiri. Bahari inapanda, inasukuma hewa ndani ya mapango, hewa inatafuta pa kutokea, inatokea kisimani. Ndiyo maana mguno huanza kwenye saa tisa, saa ile ile wanayoitia watu hofu. Jioni pia kinaguna, ila jioni kuna mpira uwanjani na redio mkahawani, hakuna anayesikia. Siku za maji mafu, bahari isipopanda sana, kisima kimelala. Toka siku hiyo nilikuwa naihesabu bamvua kwa kalenda ya Kiislamu ukutani mwangu, na mara nyingi ilikubali.

Kile kilio cha mtoto mchanga juu ya mbuyu ni komba. Mnyama mdogo, macho makubwa, mwendo wa kurukaruka, na akilia usiku utaapa kuna mama ametupa mwanawe. Mmulike kwa tochi utaona macho mawili mekundu yanakutazama, kisha hayapo. Komba hana neno na mtu, ila msiache embe dirishani.

Na harufu ya udi ngazini usiku wa kuamkia Ijumaa? Majirani wanafukiza nyumba zao, na upepo unajua njia. Hayo yote nimeyaeleza na bado siwezi kusema pale hapana kitu. Kuna pembe ya ukumbi wa zamani, upande wa baharini, ambapo mwili unasisimka hata saa sita mchana, na nyanya yangu, siku aliponitembelea, alisimama hapo hapo bila kuambiwa na mtu akapiga Bismillahi. Mimi ni Mswahili na ninaamini majini wameumbwa kama sisi tulivyoumbwa. Nilikuwa nawatolea salamu nikapita. Hawakunidhuru.

Kilichotudhuru ni choo.

Bweni la wasichana la ghorofa ya chini lina vyumba visivyo na choo ndani. Choo kiko ng'ambo ya ua, na njia inapita ubavuni mwa kisima, chini ya mbuyu. Nilipoingia njia ile haikuwa na taa hata moja. Fikirieni msichana wa miaka kumi na minane, ametoka nyumbani wiki iliyopita, ameshajazwa hadithi za kwato, kisima kinaguna, na amebanwa. Hatoki. Anajizuia mpaka adhana ya alfajiri. Baada ya muda anaacha kunywa maji jioni ili asibanwe, na hapa kwetu, kwenye joto hili, kutokunywa maji na kuzuia mkojo ndiyo njia fupi ya kupata maambukizi ya njia ya mkojo. Mwenzangu wa chumba alipata, yakarudi tena, na mwishowe mamake akamhamisha akapange chumba nje, kodi ambayo nyumbani hawakuwa wameipangia. Wengine waliweka ndoo chumbani na kuona haya kuisema.

Tulipopeleka shauri ofisini tulijibiwa kwamba majini ni ushirikina na chuo kikuu si mahali pa ushirikina. Jibu hilo liliniuma kuliko kisima. Hatukuwa tumeomba mganga. Tuliomba taa. Ilibidi baraza la wanafunzi liandike barua, mwalimu wetu wa historia atie sahihi yake, na wazazi kadhaa wapige simu, ndipo ikafungwa taa ya sola juu ya nguzo na akaajiriwa mama mlinzi wa zamu ya usiku, anayekaa na kiti chake kati ya bweni na choo. Usiku wa kwanza wa taa ile wasichana walitoka kwa makundi, wengine hawana hata haja, wanatembea tu uani na vikoi vyao. Nilifurahi mpaka nikalia.

Lakini kazi haijakwisha, na ndiyo maana siwezi kukipa chuo alama kamili. Korido ya upande wa baharini bado ni giza stima ikipotea, na hupotea mara kwa mara. Chumba cha mwisho cha korido hiyo kimefungwa kwa kufuli miaka nenda miaka rudi, na hakuna ofisa anayesema kuna nini ndani, kwa hiyo kila mwaka hadithi yake inazidi mguu mmoja. Wakifungue tu. Na wageni wa mwaka wa kwanza waelezwe habari za kisima siku ya kwanza, mchana, na mtu mzima, kabla hawajaelezwa na komredi usiku.

Chakula: mkahawa wa chuo ni wali maharage kila siku, haukushibishi wala haukuudhi. Raha iko nje ya lango, kwa mama mmoja mwenye meza ya bati. Asubuhi ana mahamri na mbaazi za nazi, jioni viazi karai vya moto moto na chatini ya ukwaju inayochoma masikio. Anawakopesha wanafunzi mpaka HELB, mkopo wa masomo wa serikali, iingie, na daftari lake la madeni analiweka chini ya sufuria. Mlipeni. Maktaba ni ndogo lakini imepangwa vizuri, inafungwa saa nne usiku, na mkutubi anakutafutia kitabu mpaka kipatikane. Intaneti ni ya kubahatisha, nunueni bando zenu. Maji ya mfereji hukatika siku mbili tatu, na mwenye mkokoteni hupandisha bei akijua, kwa hiyo jazeni mitungi mapema.

Mimi ningekichagua tena, na mdogo wangu nimemwambia ajaze fomu. Wasichana, ombeni chumba cha ghorofa ya pili upande wa ua, msikubali cha chini hata mkiambiwa ni cha muda. Njooni na tochi nzuri, ndala zisizoteleza, na sanduku la bati la vitabu, kwa ajili ya ule ukungu wa Mei. Na mkifika, kabla hamjafungua mizigo, nendeni mkamsalimie mama mlinzi mumwambie majina yenu, awajue kwa sauti.