IST ya 1.3 kwenye Kitonga: injini ndogo inataka nini

Ukiulizia gari la Toyota IST Dar es Salaam, muuzaji atakutajia mwaka, rangi na rimu. Injini ataitaja kwa cc tu, basi. Ninayo ya cc 1,300, ile yenye injini ya 2NZ-FE, nayo inafanya kazi mbili: foleni za mjini, na safari za Iringa kila shughuli za ukoo zinapotuita. Kwa kazi hizo mbili, utadhani ni magari mawili.

Mjini sina malalamiko. Gari lina uzito wa takribani tani moja, ukikanyaga kidogo linaondoka, na kiyoyozi hakilisumbui sana. Mtu akilijaribu kutoka Mwenge hadi Ubungo akarudi, ataridhika na kulipia siku hiyo hiyo.

Sasa lipeleke Kitonga, ule mlima wa kona kali kwenye barabara ya Iringa. Watu watano ndani, mabegi nyuma, mbele lori la Tunduma linatambaa. Hapo ndipo utaelewa namba za injini. Toyota wanasema nguvu farasi 87 kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, na msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, Nm 121 kwa mizunguko 4,400. Wengi hukariri hiyo 87. Kwangu namba ya maana ni 4,400.

Sababu ni hesabu nyepesi. Nguvu ya injini ni msokoto mara kasi ya mzunguko. Mshale wa mizunguko ukiwa 2,500, hata tukiikopesha injini Nm zake zote 121, ambazo huko chini haina, haitoi zaidi ya farasi 43. Nusu ya ulichonunua imelala! Iache ifike 4,400 na unapata kama 75. Kwa hiyo kukanyaga mafuta huku gia iko juu hakusaidii kitu. Petroli inakwenda na mlima unabaki pale pale.

Gia ni otomatiki ya hatua nne. Ukiiacha kwenye D, inang'ang'ania gia ya juu, inazubaa, halafu inashusha kwa kishindo katikati ya kona. Mimi nazima O/D (overdrive, yaani ile gia ya juu kabisa) kabla mlima haujaanza, na kona zikikaza naweka 2. Injini inalia kwelikweli. Shangazi akiwa kiti cha mbele lazima aseme, "Baba, utaiua hii gari." Namjibu, "Haifi, shangazi, mstari mwekundu wa kikomo cha mizunguko bado uko mbali." Haamini, na sijui kama ataamini. Lakini mradi oili na maji viko sawa, injini hii imetengenezwa kuzunguka hivyo. Kuibana kwenye mizunguko ya chini huku imebeba mzigo ndiko kunakoitesa.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji: hewa. Injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Iringa mjini iko mita 1,500 na ushei juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo farasi wako 87 wa Dar wanafika huko wakiwa 74 hivi. Ndiyo maana mlimani nazima na kiyoyozi. Kupita lori kwenye kona hata sifikirii. Gari hili halina akiba ya nguvu ya kukutoa hapo haraka.

Je, ununue ya 1.5? Injini yake, 1NZ-FE, ina kipenyo cha silinda kile kile cha milimita 75, ila pistoni inasafiri milimita 84.7 badala ya 73.5. Matokeo yake ni farasi 109, na Nm 141 zinazofika kwa mizunguko 4,200, mapema kidogo. Hizo Nm 20 unazisikia mlimani gari likijaa. Kama maisha yako yote ni Mbagala na Posta, baki na 1.3. Kama kwenu ni Iringa, Njombe au Mbeya, ongeza hela.

Unapokagua, soma kibati cha gari: NCP60 ni 1.3, NCP61 ni 1.5. Ukikuta NCP65, hiyo ni 1.5 inayovuta magurudumu yote manne. Ina farasi 105, tena ni nzito zaidi, kwa hiyo usiichukue ukidhani ndiyo itakayokimbia kuliko zote.