Uzoefu wangu: upanga wa Star Wars kwa vifaa vya duka la mabomba Ngamiani

Habari za mihangaiko wadau. Tangu picha za bethdei ya mtoto wa dada yangu zitoke watu wananiuliza ule upanga wa mwanga wa filamu za Star Wars nimeagiza wapi, China au Dubai, na nauli ya mzigo ilikuwa sh ngapi. Sijaagiza popote. Vyote vimetoka hapahapa Tanga, kwa mafundi wa kuchomelea, kwa fundi viatu, na zaidi ya yote duka moja la vifaa vya ujenzi kule Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Duka silitaji maana mzee mwenye duka hapendi kabisa mambo ya mitandao, ila ukizunguka zunguka utalijua, ni lile ambalo mabomba yamesimamishwa mpaka nje na ndani hupiti bila kukaa upande.

Kabla sijaanza kutoa nyota kwa kila kifaa, niwaweke sawa wale wanaosema hii ni njia ya wasio na hela. Waliotengeneza filamu yenyewe walifanya hivihivi! Ile ya kwanza kabisa, ya 1977, hela za vifaa zilikuwa chache, sasa Roger Christian, yule mpambaji wa seti, akaingia duka la vifaa vya picha London akakuta vishikio vya flashi za kamera za zamani za Graflex, zile za betri tatu, akabandika vipande vyeusi vya kushikia, akaweka na kipande cha kioo cha kikokotoo, basi huo ndo upanga wa Luke, yule kijana shujaa wa filamu. Na kwenye Oscar yeye na wenzake wakachukua tuzo kwa kazi ya seti za filamu hiyohiyo. Wa mzee Obi-Wan, mwalimu wake Luke, ndo balaa, kichwa ni bomba la injini ya ndege ya Rolls-Royce Derwent, sehemu ya kushikia ni guruneti la bunduki la Waingereza la vita vya kwanza, halafu kitako chake ni kishikio cha koki ya maji ya Armitage Shanks. Koki ya sinki, wadau. Kwa hiyo mtu akiniambia nimeokoteza vitu vya bomba namwambia ndiyo, kama orijino.

Sasa twende kwenye vifaa.

Mwili nimetumia bomba la stenlesi la reling za ngazi, na hapa natoa nyota zote tano bila kufikiria. Graflex ina kipenyo cha karibu inchi moja na nusu, kama milimita 38 hivi, na mafundi wetu wanaochomelea reling za ngazi na vibaraza bomba wanalolitumia sana ni hilohilo la inchi moja na nusu. Hulazimishi kitu. Urefu unaohitaji hata futi moja haufiki, na vipande vya hivyo kwa fundi vimejaa chini anavikanyaga tu, mi nilipewa kwa hela ya soda, nikamwomba na kipande cha bati la stenlesi akanikunjia ule mshipi unaozunguka katikati ya kishikio, akatoboa tundu mbili za boliti. Mng'ao wake ni wa kweli, siyo wa rangi, unashika alama za vidole kama inavyotakiwa. Ila angalizo kwa sisi watu wa pwani, stenlesi ziko za aina nyingi na zile za bei chee zikikaa karibu na bahari zinatoa vidoa vya kutu kama madoadoa ya ndizi mbivu, kwa hiyo kama unakaa Raskazone au Sahare uwe unafuta na kitambaa chenye mafuta ya cherehani.

Vile vipande vyeusi vya kushikia watu wengi wanahangaika na mpira wa waipa, na waipa siyo mbaya ila imelegea mno na ukibandika inalala upande. Nenda kwa wanaotengeneza madirisha ya aluminiamu uwaombe ule mpira unaokaa kati ya kioo na fremu, uko wa maumbo tofauti, wewe chagua ule wenye mgongo ulionyooka na kitako bapa, ukiukata kwa wembe mpya unatoka safi kabisa. Kata vyote kwa kipimo kimoja na kiwe kipimo cha kweli, maana jicho la mtu linaona haraka sana kipande kimoja kikizidi.

Gundi sasa. Ile supaglu ya mia tano kila mtu anayo nyumbani na inashika vizuri sana, lakini hewa yetu hii ya unyevu ukiimwaga nyingi inaacha ukungu mweupe pembeni mwa mpira, na kwenye stenlesi inayong'aa ukungu ule unaonekana toka barabarani. Weka tone dogo, fungulia feni au kaa kwenye upepo. Kwa mshipi na kitako usitumie supaglu, tumia ile ya vichupa viwili unayochanganya, ina harufu na inachelewa kukauka ila ukiangusha upanga kwenye sakafu (na watoto watauangusha) haiachii.

Kitufe chekundu ni cha swichi ya kubonyeza, maduka ya umeme yanazo. Pete ya kuning'inizia kwenye mkanda ni kazi ya fundi viatu, anazo za mikoba.

Haya, nije kwenye duka lenyewe, maana hapa ndo huduma ninayotaka kuisifia. Nilienda kutafuta kitako cha ule wa Obi-Wan. Shikamoo mzee, marahaba, koki gani imeharibika? Nikasema mzee hakuna koki iliyoharibika, nataka kishikio chake tu. Akaniangalia. Nikampa simu yenye picha, akavaa miwani, akaikuza kwa vidole akaisogeza huku na huku, halafu akasema "Mwanangu, hii koki ya zamani hii, hizi tunazouza sasa juu zote plastiki." Nikajua ndo basi. Kumbe anaongea huku anaenda nyuma, akarudi na kopo la maziwa la unga limejaa vishikio ambavyo koki zake zilishakufa miaka, akavimwaga kaunta juu ya gazeti. Nyingine za brasi tupu, nyingine kromu imebanduka chini unaona unjano. Tukaanza kupanga, yeye anashika simu mi nashika kishikio, hapana huyu mbavu zake nyingi, huyu mwembamba, lete yule. Kuna kijana alikuja kununua misumari ikabidi asubiri, naye akaingia kwenye mashauriano. Mwisho tukapata kimoja chenye mikunjo inayoelekeana kabisa na picha, siyo Armitage Shanks ila ukikisimamisha pembeni ya picha lazima ubishane na mtu. Kizito mkononi, ile uzito wa brasi ambayo plastiki haitokaa iwe nayo. Elfu mbili. Sikuomba kupunguziwa.

Ukienda kwa maduka makubwa ya kisasa hilo haliwezekani, kule kitu kiko kwenye pakiti na kijana wa kaunta anajua koki nzima tu, nusu koki kwake haipo.

Nikachukua pia bomba la PVC la kijivu. Wale askari weupe wa Dola, maadui kwenye filamu, nyuma ya mkanda wana kitu kama silinda, nacho ni bomba la kijivu lenye vifuniko vyeupe huku na huku na vishikizo viwili vya chuma vya kulibana, urefu wake wote karibu inchi saba na nusu. Bomba la inchi mbili linakukaribia sana kwa unene, vifuniko unavikuta kwenye rafu moja nalo. Kifaa hiki nakipa nyota nne, moja naipunguza kwa ajili ya yale maandishi ya kiwandani ya bluu au meusi ambayo hayatoki kwa sabuni wala mafuta ya taa, lazima msasa, anza na mkali umalizie na laini wa maji, na usipomalizia na laini mikwaruzo yote itaonekana juu ya rangi. Kuhusu kukunja PVC kwa moto, inalainika mapema tu, kwenye nyuzi 80 hivi, kwa hiyo usiipeleke kwenye mkaa uliokolea. Ikiungua inatoa moshi mkali wenye asidi, siyo wa kuchezea, fanyia nje na watoto wakae mbali.

Rangi ya kupuliza ndo imeniudhi. Ile ya kopo iliyoandikwa kromu, jina naliacha, nyota moja na hiyo moja ni ya kifuniko. Kwenye kopo picha ni kioo kabisa, ukipuliza inatoka fedha ya sufuria, ukiigusa kesho yake inabaki kwenye vidole, na ukisema uilinde kwa vanishi ya juu ule mng'ao kidogo uliokuwepo unazima. Ndiyo maana nasema chuma kinachong'aa tafuta chuma kinachong'aa. Rangi za kawaida, nyeusi na kijivu, ziko freshi, ila siyo masika, unyevu ukiwa juu rangi inapata weupe kama pumzi kwenye kioo na hakuna kuipangusa, ni msasa upya.

Kukereza: mafundi wapo, kazi nzuri, bei yao kwa kitu kidogo hivi haina maana. Nenda ukiwa umekwama kabisa.

Swali ninaloulizwa kuliko yote, "mbona hauwaki?" Ndugu zangu, hata wa kwao haukuwaka. Walishika fimbo zilizofunikwa kwa kitu cha kuakisi mwanga, halafu ule mwanga ukachorwa juu ya filamu baadaye, picha moja moja. Kile kinachoning'inia kiunoni mwa Luke ni chuma kitupu kisicho na chochote ndani. Kwa hiyo upanga wangu usiowaka uko sahihi zaidi kuliko ule wa taa wa dukani unaolia wiii, na siko tayari kubishana kwenye hili.

Ukienda kwa mzee yule usiseme unatengeneza mambo ya sinema, sema inchi unazotaka na uwe na picha ya karibu, na uwe na kalipa yako ya kupimia unene, ya kwao kutu imeikamata. Ijumaa wanafunga kwa swala, usifike mchana.

Sasa hivi natafuta kitu kimoja hapa mjini nimekosa. Kile kidude cha mawasiliano cha Qui-Gon, mhusika wa ile Star Wars ya 1999, kilitokana na mpini wa wembe wa kike wa Gillette, Sensor Excel. Kama kuna mtu Tanga, hata Muheza au Pangani, ana mpini huo umelala kwenye droo ya mama au shangazi, anicheki, nyembe zake sihitaji, abaki nazo.