Uzoefu wangu: kukodi kijiko kidogo kuzibua mitaro ya shamba, Kyela

Shamba langu la kakao liko bondeni Kyela, kule ambako mvua ya Machi na Aprili ikishika haiachii. Mitaro yote ilikuwa imejaa matete na tope. Masika ya mwaka juzi maji yalisimama mashinani karibu wiki 2, majani yakageuka njano, kakao ikaozea mtini ikiwa nyeusi tii. Vibarua niliweka kila mwaka, na walijituma kweli, ila wawili kutwa nzima hawakuvuka mita 15, na tope wakaliacha ukingoni. Mvua ya kwanza tu, limerudi lilikotoka.

Septemba, ardhi ikiwa imekauka, nikakodi kijiko, yaani mashine ya kuchimbia, cha tani 3 pamoja na opareta wake. Nilitaka kijiko kidogo kwa sababu miti yangu imepandwa mita 3 kwa 3, na mashine hii yenye upana wa mita 1 na nusu inapita katikati ya mistari. Kubwa lingenilazimu ning'oe miti.

Siku ya kwanza sikuridhika hata kidogo. Walileta ndoo (ile sehemu ya mashine inayochota udongo) nyembamba yenye meno, wakati nilishawaambia kwenye simu nataka ile pana isiyo na meno. Yenye meno inachana kingo na kuacha matuta chini, maji yanatuama humo. Halafu opareta akaanzia juu. Mita 20 tu, maji ya ardhini yakachuruzika, akawa anachota uji. Nikamsimamisha.

"Mama, hii kazi nimeifanya miaka."

"Najua, kijana wangu. Lakini tuyape maji mlango kwanza kule mtoni, yatatoka yenyewe."

Akakubali, tukahamia mwisho wa mtaro na kupanda nao kuelekea juu. Jirani yangu fundi ujenzi alikuja na mpira wa levo, ule wa maji wa kupimia usawa, tukapiga vigingi kila mita 10, kila kimoja kikiwa chini kwa sentimita 5 kuliko kilicho upande wa juu. Msiache hatua hii. Mtaro mzuri wa macho usio na mteremko ni bwawa refu.

Ndoo pana ilifika siku ya pili, na hapo ndipo nikaona ufundi wa yule kijana. Alikuwa anaivuta polepole, akikwangua tope la mwisho kama mtu anayetoa ukoko wa wali sufuriani. Kingo akazilaza, hakuzisimamisha wima, na udongo akaumwaga mita 1 kutoka ukingoni. Sasa nimepanda migomba pale.

Mahali pamoja cheni ambazo mashine hutembelea zilizama, tukatandika magogo ya mchikichi chini yake ndipo ikatoka. Saa nzima ilipotea nami nikailipia, kwa kuwa wanahesabu muda wote injini inapowaka. Hilo liliniuma. Kubalianeni mapema juu ya muda wa kukwama, dizeli na nauli ya lobedi, lile lori linalobeba mashine.

Jumla: siku 3, saa 17, mita 310.

Aprili hii ilinyesha usiku kucha. Asubuhi nilikuta mtaro umejaa nusu, maji ya rangi ya chai ya maziwa yanakimbilia mtoni, na kufikia adhuhuri chini ya kakao pakawa panakanyagika kwa ndala. Septemba nitawaita tena upande wa mpunga. Ndoo nitaikagua kabla haijapanda lobedi.